Gari Lililovishwa Nguo

Nyumbani kwa Swafiya hakuna kitu kilichokaa uchi. Redio ilikuwa na nguo yake. Jagi la maji lilikuwa na kitambaa chake, chenye shanga pembeni. Viti vilivaa, meza ilivaa, hata cherehani iliyoshona nguo hizo zote ilifunikwa kila jioni kama mtoto aliyelazwa. Majirani walimtania. Walisema ukikaa sana kwa Swafiya, utaona anachukua futi ya kupimia na kukuzunguka.

Swafiya alikuwa fundi wa kushona pale Rwezamenyo, mjini Kigali. Mume wake, Ilyasi, alikuwa dereva wa teksi. Walikuwa na binti mmoja, Kirezi, mwenye miaka saba. Kirezi alikuwa mtoto mchangamfu, hodari wa maswali. Lakini alizaliwa na jambo lisilo la kawaida. Ngozi yake haikutoa jasho.

Wengi wetu hatujui jasho ni neema kubwa namna gani. Likitutoka tunanung'unika, tunajifuta na kuendelea na kazi. Kumbe jasho linapokauka juu ya ngozi, linaondoka na joto la mwili. Kirezi hakuwa na njia hiyo. Joto lilimwingia na kubaki humo humo. Daktari aliwaambia wazazi wake maneno ambayo hawakuyasahau.

"Huyu mtoto hana dawa ya kunywa," alisema. "Dawa yake ni ubaridi. Mwili wake ukipata moto sana, anaweza kufa."

Siku moja Kirezi alimwuliza mama yake, "Mama, jasho liko na ladha gani?"

"Lina chumvi," alijibu Swafiya.

"Kama mboga?"

"Kama mboga ya mpishi asiyeonja."

Kirezi alicheka, kisha akafikiri. "Siku moja nataka nionje langu," alisema. Swafiya akainamia cherehani yake na kushona kwa kasi, ingawa mshono ule ulikuwa umekwisha.

Kwa ajili ya Kirezi, Ilyasi alinunua gari kuukuu jeupe kutoka kwa mgeni aliyekuwa anarudi kwao. Hakulinunua kwa uzuri wake. Alilinunua kwa sababu lilikuwa na kiyoyozi, ile mashine ya kupoza hewa ambayo watu wa Kigali huiita klima. Mwaka huo wa 1992, teksi yenye klima ilikuwa kitu cha kutazamwa. Abiria waliingia wakitoka jasho, wakafunga mlango, wakanyamaza kwa mshangao.

Klima ndiyo iliyompeleka Kirezi shuleni. Shule ya karibu ilikuwa na paa la mabati, na mchana mabati yale yaliwaka moto. Lakini upande wa Kanombe kulikuwa na shule yenye paa la vigae na madirisha makubwa. Mwalimu Béatha wa darasa la pili alikubali kumpokea. Alimweka karibu na dirisha, akaweka beseni la maji na kitambaa chini ya meza yake. Asubuhi Ilyasi alimpeleka. Mchana Ilyasi na Swafiya walikwenda pamoja kumchukua, Swafiya akiwa kiti cha nyuma na kitambaa kibichi mkononi. Ilikuwa safari ndefu kwa ajili ya masomo ya mtoto mmoja. Wao hawakuiona ndefu.

Mwezi wa kwanza, mvua zilikatika. Vumbi jekundu likaanza. Lilikaa juu ya majani, juu ya paa, juu ya mikate dukani. Lilikaa pia juu ya gari jeupe, na Kirezi akaanza kukohoa.

"Vumbi linaingilia pale mbele," alisema Swafiya, akionyesha matundu yaliyo chini ya taa za gari. "Gari liko wazi kifua kizima. Nitalishonea nguo."

"Mama Kirezi," alisema Ilyasi, "umemaliza viti, sasa unataka gari?"

"Gari ni la mtoto. Nani alinde kifua chake?"

Akashona. Alichukua turubai zito la kijani, akaliwekea bitana ndani. Pembeni akatia utepe wa njano. Katikati akadarizi neno moja kwa herufi kubwa: Mashaallah. Nguo ile ilifunika mbele ya gari yote, kutoka taa hadi taa, nayo ilifungwa kwa tepe ndefu za njano zilizopita katikati ya matundu. Ilyasi alipofika na gari kituo cha teksi, madereva walilizunguka, wakapiga miluzi. Kabla ya juma kwisha, baadhi yao walikuwa wameagiza za kwao.

Swafiya alifurahi sana. Hakuna aliyetambua kwamba tangu siku ile klima ilianza kuchoka.

Mwanzoni lilikuwa jambo dogo. Gari likitembea, hewa ilitoka baridi, ingawa si kama zamani. Likisimama, hewa ilianza kuwa vuguvugu. Swafiya aliliona hilo kwa sababu kila siku alikaa nyuma, mkono wake shingoni mwa mtoto. Ilyasi naye aliona mshale wa joto la injini ukipanda kidogo kuliko desturi. Akaongeza maji, akasema ni jua la mwezi wa pili tu.

Halafu ikaja siku ya Alhamisi.

Kwenye barabara ya kutoka Kanombe kulikuwa na kizuizi, na siku hiyo askari walikagua kila gari. Foleni haikusogea. Jua lilikuwa utosini. Madirisha yalikuwa yamefungwa, klima ikinguruma.

"Baba Kirezi," alisema Swafiya, "hii hewa inatoka moto!"

"Tukianza kutembea itapoza."

"Tutatembea lini? Fungua madirisha!"

Ilyasi akafungua. Joto na vumbi vikaingia pamoja. Swafiya akalowesha kitambaa kwa maji ya chupa, nayo chupa ilikuwa imepata moto. Ndipo alipotambua kwamba Kirezi hakuwa ameuliza swali lolote kwa muda mrefu.

"Kirezi? Yewe, Kirezi! Nijibu, mwanangu!"

Shingo ya mtoto iliwaka. Macho yake yalikuwa wazi nusu, lakini hayakumtazama mtu. Swafiya akapiga kelele ambayo yeye mwenyewe hakuijua kuwa ni yake. Askari akaja mbio, akachungulia, akageuka na kuwapungia wenzake.

"Pitisheni hii gari! Iko na mtoto mgonjwa!"

Kwenye kituo cha afya, muuguzi hakupoteza wakati. Alimlaza Kirezi kwenye kivuli, akamvua nguo, akamfunika kwa shuka lililoloweshwa maji. Swafiya akampepea kwa kipande cha boksi. Kila shuka lilipopata joto, muuguzi aliliondoa na kuleta jingine. Hakumpa maji ya kunywa wakati ule.

"Mtu ambaye hajaamka vizuri humpi kitu mdomoni," alisema. "Atapaliwa. Kwanza poza mwili."

Walipoza na kupoza. Mwishowe Kirezi akapepesa macho. "Mama," alisema polepole, "tumefika nyumbani?" Swafiya akambusu paji, kisha akaendelea kumpepea.

Kirezi alipoanza kunywa maji kwa kikombe, muuguzi alimtuma mama yake akavute pumzi nje. Kwenye ukumbi Swafiya alimkuta mwanamke aliyemfahamu. Alikuwa Daphrose, jirani wa mtaa wa pili, ambaye Swafiya alimshonea magauni ya kanisani. Kazi ya Daphrose ilikuwa kuzunguka vituo vya afya na kutengeneza majokofu ya chanjo. Sasa alikuwa amesimama mbele ya jokofu, mikono kiunoni, kama anayegombana nalo.

"Nani alisukuma hii frigo kwa ukuta?" aliuliza.

"Ni sisi," alisema mfagiaji. "Tulitaka nafasi ya kupita."

"Na hii pazia nyuma yake?"

"Ilikuwa inaonekana vibaya."

Daphrose akacheka, akalivuta jokofu mbali na ukuta, akaondoa pazia. Kisha akamwona Swafiya. "Mama Kirezi! Disi, masikini, nilisikia. Mtoto iko namna gani?"

"Ameamka. Namshukuru Mungu. Gari lilimpika mtoto wangu, Daphrose. Klima imekufa."

"Pole sana, dada. Kuja hapa. Weka mkono nyuma ya hii frigo."

Swafiya akaweka mkono, akautoa upesi. "Ina moto!"

"Ndani iko baridi, nyuma iko moto. Siku yote iko hivyo."

"Sasa moto unatoka wapi? Hii si ya kutengeneza baridi?"

"Baridi haitengenezwi, Mama Kirezi," alisema Daphrose. "Hakuna mashini ya kutengeneza baridi. Hii inabeba joto tu. Inachukua joto iko ndani, inakuja kutupa huku nyuma. Ukifunga huku nyuma, joto inakosa pa kwenda. Basi ndani inaharibika."

Swafiya akarudisha mkono wake pale nyuma. Safari hii aliuacha kwa muda. Maisha yake yote alidhani baridi ni kitu kinachotiwa ndani ya jokofu, kama maji yanavyotiwa mtungini. Kumbe lile joto alilolishika lilikuwa limetoka ndani, kwenye chupa za chanjo za watoto. Lilikuwa limebebwa na kuletwa nje, mchana na usiku, na yeye hakuwahi kulifikiria. Alisimama pale ameduwaa, hata Daphrose akamgusa bega.

"Jumapili, baada ya misa, nitakuja kutazama gari," alisema Daphrose.

Jioni ile Swafiya alichukua sare ya Kirezi, lile gauni la buluu alilolishona mwenyewe. Akalikunja, akaliweka ndani ya sanduku, akafunga.

"Mama, kesho tunaanza ukurasa mpya," alisema Kirezi kutoka kitandani.

"Kesho hakuna shule."

"Na Jumatatu?"

Swafiya akalisukuma sanduku chini ya meza. Ilyasi akajaribu kusema. "Mama Kirezi, kuna mtu wa garaji aliniambia ni gesi imekwisha. Naweza kuongeza kesho, halafu Jumatatu..."

"Halafu Jumatatu tumjaribie mtoto? Tukute si gesi, tuko tena pale kwenye foleni?" alisema Swafiya. "Sikubali. Mpaka nijue ni nini. Nisipojua, mtoto wangu atasoma humu humu ndani, na mimi sijui hata kumfundisha hesabu."

Kirezi akageukia ukutani. Hakulia kwa sauti. Mama yake alisikia.

Jumapili Daphrose alifika na mkoba wake. Ndani yake kulikuwa na bisibisi, brashi laini na kipimajoto cha jokofu la chanjo. Gari lilikuwa limeegeshwa mbele ya nyumba, na nguo yake ya kijani kifuani. Kabla ya kugusa chochote, Daphrose aliuliza maswali.

"Ilianza lini?"

"Mwezi wa kwanza, mwishoni," alisema Ilyasi.

"Inachoka siku yote?"

"Hapana," alisema Swafiya. "Gari likienda, inapoza. Likisimama, inachoka. Mimi ndiye nakaa nyuma, najua."

Daphrose akamtazama kwa furaha. "Umenisaidia sana. Hilo neno ni nusu ya kazi. Sasa Baba Kirezi, washa moteri, washa klima, weka nguvu ya mwisho."

Ilyasi akawasha. Daphrose akaweka mkono mbele ya matundu ya ndani. "Upepo iko na nguvu. Basi njia ya hewa ya ndani haijafungwa. Mumesikia kitu imelia 'tak' huku mbele? Hiyo ni pampu imeshika. Pampu nayo inafanya kazi."

"Basi ni gesi," alisema Ilyasi.

"Gesi ya klima si kama petroli, Baba Kirezi. Petroli inaungua, inakwisha. Hii haiungui. Inazunguka ndani ya bomba, ile ile, miaka na miaka. Ikipungua, ujue kuna mahali inavuja. Hapo unatafuta tundu kwanza, na ni kazi ya fundi mwenye vyombo vyake. Usifungue hizo bomba wewe mwenyewe, itakuunguza macho na mikono. Lakini gesi ikipungua, gari haipozi vizuri hata ikitembea. Ya kwenu inapoza ikitembea. Kwa nini?"

Kirezi alikuwa amekaa mlangoni, kwenye kivuli. "Kwa sababu ikitembea inapata upepo," alisema.

Watu wazima wote wakageuka kumtazama.

"Yego, ndiyo," alisema Daphrose. "Inapata upepo mbele. Pale mbele, nyuma ya matundu, kuna kitu kama rejeta, ile ya kupoza moteri, lakini ndogo. Ni kama ule mgongo wa frigo. Joto yote iliyotolewa kwa Kirezi inakuja kutupwa pale. Gari ikitembea, upepo wa njia unaiondoa. Ikisimama, kuna feni ndogo ya kuisaidia. Sasa tutazame kama..."

Hakumaliza, kwa sababu Swafiya alikuwa ameinuka. Alikwenda mbele ya gari, akaweka kiganja chake juu ya neno Mashaallah. Turubai lilikuwa moto kama pasi.

Alikumbuka pazia la kituo cha afya. Alikumbuka jinsi yeye mwenyewe, tangu Kirezi azaliwe, alivyokataa kumvisha nguo nzito. Watu walimletea sweta za zawadi naye akazigawa. Mtoto asiyeweza kutoa joto hafunikwi, hilo alilijua kuliko mtu yeyote Rwezamenyo. Halafu akaenda kulifunika gari lililokuwa likimtolea mtoto joto.

"Ni mimi," alisema. "Mimi ndiye niliyemfunika."

Alianza kufungua tepe. Daphrose akamshika mkono.

"Ngoja. Kwanza tuzime moteri, tuiache ipoe. Feni inaweza kuzunguka ghafla ikakata vidole."

Wakazima, wakatoa waya wa betri, wakangoja. Injini ilipopoa, Swafiya akaivua ile nguo. Utepe mmoja wa njano ulikataa kutoka. Daphrose akachungulia ndani kwa tochi. Feni ndogo ilikuwa pale, na utepe ulikuwa umejiviringisha kwenye shina lake mara nyingi, umekaza kabisa. Feni haikuweza kuzunguka hata kidogo. Fyuzi yake nayo ilikuwa imeungua.

Nyuma ya feni, ile rejeta ndogo haikuonekana kama chuma. Ilikuwa ukuta mwekundu wa vumbi, manyoya ya kuku na majani makavu. Nguo haikuzuia vumbi. Vumbi lilikuwa limepita chini na pembeni, na likishaingia, hakukuwa na upepo wa kulitoa.

Swafiya akaketi chini, kwenye ukingo wa baraza. Aliona aibu, aliona na woga pia, akikumbuka ile shingo iliyowaka. "Karibu nimwue mwanangu kwa mkono wangu," alisema.

Ilyasi akachuchumaa mbele yake. "Ulikuwa unamkinga. Mimi ndiye dereva, niliona mshale wa injini unapanda nikanyamaza. Nililipenda lile neno lako pale mbele. Nilikuwa napita mjini najisikia bwana harusi." Swafiya akacheka huku akijifuta machozi.

Daphrose akakata utepe, akautoa uzi kwa uzi. Kisha akawaonyesha kazi ya kusafisha. Mapezi ya ile rejeta, yaani vibati vyake vilivyopangana, ni membamba kama karatasi, ukiyasugua kwa nguvu yanalala, na upepo haupiti tena. Basi unatumia brashi laini, unapitisha kufuata mapezi yalivyosimama. Maji unayamwaga polepole, ukitokea upande wa ndani kwenda nje, ili uchafu urudi ulikotoka. Ilyasi alimwaga, Swafiya akapiga brashi. Mkono wa mshonaji unajua kitu laini. Maji yalitoka mekundu, kisha ya kahawia, kisha safi, na chuma kikaanza kung'aa.

Wakati huo Kirezi aliuliza. "Shangazi, ndani ya bomba kuna nini? Nini inabeba joto yangu?"

"Ni hiyo gesi," alisema Daphrose. "Kule ndani ya gari inakuwa maji, halafu inakauka. Ikikauka inachukua joto. Halafu pampu inaisukuma huku mbele, inatupa joto, inakuwa maji tena. Inazunguka hivyo."

"Inakauka, halafu joto inaondoka?" Kirezi alikunja uso. "Ni kama jasho."

Daphrose alisimama, brashi mkononi. Alikuwa ametengeneza majokofu kwa miaka mingi na hakuwahi kuliwaza jambo hilo. "Ni kama jasho," alisema taratibu. "Ni jasho iliyofungiwa ndani ya bomba, haipotei. Mana yanjye, Mungu wangu, mtoto huyu!"

Swafiya aliwatazama wote wawili, kisha akalitazama lile gari kuukuu lenye kutu kwenye mlango. Kitu ambacho mwili wa mwanawe haukupewa, mtu fulani mahali fulani aliwaza namna ya kukitia ndani ya bomba. Na bomba hilo lilikuwa hapa, mbele ya nyumba yake.

Walitia fyuzi mpya, wakarudisha waya wa betri, wakawasha. Feni ikazunguka kwa kasi. Joto likawapiga usoni wote waliosimama karibu, na kwa mara ya kwanza Swafiya alifurahia kupigwa na joto.

"Sasa lisogeze juani," alimwambia mumewe. "Lisimame pale, lisitembee. Nataka foleni ya Kanombe."

"Na Kirezi?"

"Kirezi angoje. Nitakaa mimi kwanza."

Daphrose aliwafundisha pia namna ya kuanza. Gari likitoka juani, fungua milango kwanza ule moto wa ndani utoke. Washa, nenda kidogo madirisha yakiwa wazi, kisha funga na uweke kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani. Ukivuta hewa ya nje muda wote, unaifanya klima ipoze Kigali nzima.

Swafiya akaingia, akakaa kiti cha nyuma, mahali pa mtoto. Jua lilikuwa kali. Gari lilisimama likinguruma, madirisha yamefungwa. Akafumba macho, akangoja ile hewa ya vuguvugu aliyoizoea. Haikuja. Ubaridi ulimgusa uso, ukashuka shingoni, ukaingia ndani ya mtandio. Alikaa mpaka majirani waliokuwa wakitazama walichoka wakaenda zao. Alipofungua mlango alikuwa amejikunyata.

"Leteni mtoto," alisema.

Daphrose akatundika kile kipimajoto mbele ya tundu la hewa, akamwita Kirezi asome. Kirezi akasogeza uso. "Ishirini na nane," alisoma kwa sauti. "Ishirini na nne... Mama, inashuka! Kumi na tisa." Alisoma kila namba, bila kukosea hata moja, sauti ikipanda kadiri namba zilivyoshuka. Ilipofika kumi na moja ilitulia. Swafiya hakuwa akikitazama kipimajoto. Alikuwa akimtazama mtoto anayesoma.

Usiku haujaingia, sanduku lilifunguliwa. Gauni la buluu likatoka, likapigwa pasi.

Kabla ya hapo, Swafiya alikuwa amefika kituo cha teksi. Aliwaambia madereva wote walioagiza zile nguo wazivue siku hiyo hiyo, akawaeleza sababu. Mmoja alikataa, akasema gari lake halina klima. "Halina klima, lakini lina injini," alisema Swafiya. "Nayo inapumua pale pale." Akazichukua zote. Turubai la kijani alilikata, akalishonea Kirezi mkoba wa shule, na neno la Mashaallah likakaa mgongoni kwake. Gari nalo halikuachwa uchi, maana Swafiya ni Swafiya. Alilishonea pazia jeupe la kuweka nyuma ya kioo cha mbele linapoegeshwa juani. Lakini kwanza alimwuliza Daphrose.

Jumatatu mchana walikuta foleni tena kwenye kizuizi. Magari yalisimama, madereva wakatoka kutafuta kivuli. Swafiya aliweka mkono shingoni mwa Kirezi na hakuutoa. Shingo ilikuwa baridi. Kirezi alikuwa amefungua kitabu chake, anasoma ukurasa aliokosa, akiburuta kidole chini ya maneno.

Yule askari wa Alhamisi alifika dirishani. Alichungulia nyuma, akamwona mtoto, akatabasamu. Kisha akatazama chini. "Mzee, gari yako inavuja maji."

"Haivuji, afande," alisema Ilyasi kwa majivuno. "Ni klima inafanya kazi, inakamua maji ya hewani."

Walipofika nyumbani na Ilyasi kuzima gari, matone yaliendelea kudondoka, moja moja, yakichimba shimo dogo katika vumbi jekundu. Swafiya alisimama juani akitafuta ufunguo wa nyumba. Alipogeuka, alimwona Kirezi amechuchumaa kando ya gari, kidole chini ya matone. Akakipeleka mdomoni.

"Kirezi! Tema hayo! Ni maji ya hewa tu, yamepita kwenye uchafu!"

Kirezi akatema, akajipangusa mdomo. Uso wake ulikuwa na mshangao. "Mama," alisema, "jasho langu halina chumvi."

Swafiya hakumgombeza. Akapiga magoti mbele yake, pale pale kwenye vumbi. Jua lilimchoma, na maji yalimtiririka usoni, ya paji na ya macho pamoja. Kirezi akamtazama, akapitisha kidole shavuni mwa mama yake, akaonja.

"Hili ndilo lina chumvi," alisema. Kisha akachukua mkoba wake na kuingia ndani, kumalizia ukurasa.